Alikwenda na Nani?

Bi Mkubwa, bibi yangu mzaa mama, hakuwahi kusema kwamba alipigania uhuru. Alisema walicheza ngoma. Ukimuuliza habari za mwaka 1955, kwanza atakutajia khanga za sare zilizonunuliwa mwaka ule, duka la Kariakoo lililowakopesha, nani alichelewesha mchango na nani alilipiwa na wenzake kimyakimya asije akaaibika. Siasa iliingia kwenye masimulizi yake baadaye, tena kwa mlango wa uani. "Basi Titi akaja, akatwambia," ndivyo alivyoanza, kama anayemsema jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Titi huyo ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1926. Leo jina lake limo kwenye barabara kubwa ya katikati ya jiji, na wengi wanaokaa kwenye foleni pale hawajui kwamba kabla ya kuwa barabara alikuwa mwimbaji. Shule aliishia darasa la nne. Sauti yake ndiyo iliyojulikana, katika kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 hakikuwa na wanawake wa kuwaonyesha watu, na mwaka uliofuata mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipouliza wanawake wako wapi, wanaume wakatazamana. Wake zao hawakuwa wakitoka mbele za watu. Jina lililopatikana haraka lilikuwa la yule mwimbaji. Kufikia Oktoba 1955 kitengo cha wanawake alichokiongoza kilikuwa kimeandikisha wanawake wapatao 5,000.

Miezi michache, wanawake 5,000, bila redio, bila gari, na wengi wao hawajui kusoma. Nilipokuwa msichana nilidhani huo ni muujiza wa ufasaha: Titi alisimama, akasema, watu wakasisimka. Bi Mkubwa alinicheka. Titi hakugonga mlango wa mwanamke mmoja mmoja, aliniambia. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na wao wakaja na watu wao.

Lelemama ukiitazama kwa mbali ni wanawake waliojipanga mstari, sare moja, wanapeleka mikono huku na huku kwa madaha, zumari inalia. Ukiikaribia unaona serikali. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina. Kuna faini ya kuchelewa na faini ya kumsengenya mwenzako. Mmoja akifiwa, wote wamefiwa: wanajua nani analeta mchele, nani sufuria, nani atalala na mfiwa. Mwanamke wa mjini wa zama zile, ambaye kwenda tu kwa jamaa zake kulihitaji ruhusa ya mume, aliruhusiwa kwenda ngomani. Kwa hiyo mkutano ukafanyika ngomani, na mume akabaki barazani akijua mkewe yuko kwenye mambo ya kike. Kwa maoni yangu hakuna ofisi ya chama iliyokuwa na mtandao kama ule.

Haya yote niliyasikia mapema lakini nilichelewa kuyatumia. Nilikuja kuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya wasichana mkoani Tanga, na huko mfadhili mmoja alituletea mabango ya wanawake Weusi mashuhuri. Kandake wa Kushi na upinde wake, Nzinga wa Angola, Yaa Asantewaa wa Ashanti na bunduki begani, Harriet Tubman, Rosa Parks, Wangari Maathai. Tuliyabandika kwa gundi ya unga. Wasichana waliyapenda, mimi pia niliyapenda. Darasa lenye picha za wanaume wenye ndevu tangu enzi za mkoloni lilihitaji nyuso nyingine.

Kisha nikatoa zoezi, nikasahihisha madaftari. Alikuwa jasiri. Alikuwa na msimamo thabiti. Aliipenda nchi yake. Alikuwa mfano wa kuigwa. Daftari baada ya daftari, kwa wino wa bluu na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula. Ungeweza kulifuta jina la Nzinga ukaandika la Rosa Parks, na alama zikabaki zilezile. Wanafunzi walikuwa wameeleza bango, na bango lilikuwa limetengenezwa lielezwe hivyo: mtu mmoja, nyuma yake hakuna kitu, labda mawingu kidogo.

Zoezi lililofuata lilikuwa na swali moja: alikwenda na nani?

Tulianza na Nzinga kwa sababu bango lake peke yake lilikuwa na watu wawili. Mwaka 1622 kaka yake, mfalme wa Ndongo, alimtuma Luanda akazungumze na gavana wa Kireno, João Correia de Sousa. Gavana alikuwa juu ya kiti chake cha enzi. Nzinga alitandikiwa zulia chini, akae kama mtu aliyekuja kuomba. Akampa ishara mmoja wa wahudumu aliokuja nao. Yule mhudumu akapiga magoti, viganja sakafuni, Nzinga akamkalia mgongoni, na mazungumzo yakaendelea uso kwa uso. Padri Cavazzi, Mwitalia aliyemfahamu Nzinga uzeeni, aliacha michoro na maandishi, na tukio hilo limechorwa tena na tena hadi leo. Katika kila mchoro Nzinga tunamwona uso. Mwenzake tunamwona mgongo.

Darasa likagawanyika. Mmoja alisema yule alikuwa mtumwa, hana hiari, tusimpambe. Mwingine akasema bila ule mgongo gavana angeshinda kabla Nzinga hajafungua mdomo, kwa hiyo mgongo nao ulikuwa ubalozini. Waligombana mpaka kengele ya chakula, na katika shule ya bweni kugombana mpaka ukachelewa chakula si jambo dogo. Sikuwaamua. Nzinga aliwahangaisha Wareno kwa miongo, akafa mwaka 1663 akiwa na miaka ipatayo 80, na huyohuyo aliuza mateka utumwani pale vita na biashara vilipomtaka afanye hivyo. Bango lina nafasi ya uso mmoja tu.

Kwa Kandake mambo yalikuwa magumu zaidi. Wasichana Wakristo walimjua jina kutoka Matendo ya Mitume, maana yule towashi aliyebatizwa njiani na Filipo alikuwa mtunza hazina wa Kandake. Lakini hicho ni cheo cha malkia, na walioitwa hivyo walikuwa wengi. Anayesifiwa zaidi, Amanirenas, aliishi kabla ya yule wa Matendo. Mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo jeshi la Kushi lilivamia miji ya kusini mwa Misri iliyokuwa mikononi mwa Warumi, likabeba sanamu za Kaisari Augusto. Warumi walilipiza kisasi hadi Napata, lakini mwisho wake ukawa mapatano, na Augusto akawasamehe Wakushi kodi. Strabo, aliyeandika habari hizo kwa Kigiriki na alikuwa rafiki wa wakubwa wa Kirumi, anatuambia malkia wa vita ile alikuwa na umbo la kiume na jicho moja. Hiyo ndiyo sura aliyobaki nayo.

Niliwahi kupelekwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya walimu, na siku ya mapumziko nikaenda British Museum kutazama kitu kimoja tu. Ni kichwa cha shaba cha Augusto, kikubwa kidogo kuliko cha mtu, shingo imevunjika ovyo. Macho yake yametiwa kioo na jiwe jeupe, kwa hiyo yanakukodolea kweli. Kilifukuliwa Meroe, mji wa Wakushi, mwaka 1910 na mwanaakiolojia John Garstang, na mahali kilipokuwa ndipo penye habari: chini ya ngazi za hekalu. Kila aliyeingia kuabudu alimkanyaga Kaisari kwanza. Nilisimama pale muda mrefu hadi mlinzi akaanza kunipitia karibukaribu. Nilikuwa nawafikiria waliochimba lile shimo na waliojenga ngazi juu yake, na wale waliopanda kila siku huku wakijua kilichomo chini. Dhihaka kama ile haitunzwi na malkia peke yake. Inahitaji mji mzima.

Meroe walikuwa na maandishi yao. Sauti za herufi zake zinasomeka tangu kazi ya mtaalamu Griffith mwanzoni mwa karne ya 20, lakini lugha yenyewe inaeleweka vipande tu. Kwa hiyo Kushi imeandika na hatuisikii vizuri, huku Strabo tunamsikia bila shida. Ukitaka kujua kwa nini malkia wetu wengi wa kale wanatufikia wakiwa peke yao, wakali, wenye kasoro ya mwili na bila wenzao, tazama nani alishika kalamu. Adui humwona kiongozi. Walio nyuma yake huwaona kama kundi tu la watu.

Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, hakuwemo kwenye mabango. Aliletwa darasani na msichana mmoja Mdigo kutoka karibu na mpaka wa Kenya. Wadigo na Wagiriama ni ndugu, wote ni Wamijikenda, na nyumbani kwao msichana huyu alikuwa amesikia habari za makaya. Wenzake hawakujua kaya ni kitu gani. Akasimama mbele, mikono nyuma, akaeleza: ni msitu, ndani yake palikuwa na boma la wazee wa zamani, huingii na viatu, hukati mti, husemi ovyo. Alieleza vizuri kuliko kitabu nilichokuwa nacho mkononi.

Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa inawabana Wagiriama kwa kodi ya nyumba na kuwatafuta vijana wao kwa kazi za vibarua. Mekatilili, mwanamke mtu mzima, akatoka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya msiba. Watu waliifuata, na walipofika Kaya Fungo walikuwa umati. Huko wakala viapo, wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi: hakuna kulipa, hakuna kupeleka kijana. Oktoba ya mwaka huo akakamatwa pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya Kenya. Wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Wagiriama husimulia pia kisa cha kuku. Kwamba mkutanoni mbele ya ofisa Arthur Champion, Mekatilili alileta kuku na vifaranga wake, akamwambia ofisa achukue kifaranga kimoja. Kuku akamrukia kwa hasira, naye akamwambia ndivyo itakavyokuwa ukigusa vijana wetu. Watoto wanakipenda kisa hiki na wanakiigiza vizuri, hasa yule anayepewa nafasi ya kuku. Mimi kwa upande wangu napenda zaidi kifudu. Kuku ni hotuba. Kifudu ni njia ya kuwakusanya watu bila kuomba kibali, kwa sababu ofisa gani atapiga marufuku msiba? Bi Mkubwa angemwelewa Mekatilili bila kuelezwa.

Baada ya hapo tukawa tunaiona ngoma kila mahali. Nigeria, Novemba 1929, Nwanyeruwa alikuwa nyumbani kwake Oloko akishughulika na mawese, akajiwa na mtu aliyetumwa kuhesabu watu na mifugo yake. Wanaume walikuwa wamehesabiwa miaka michache nyuma, na baada ya kuhesabiwa ikaja kodi. Nwanyeruwa akamjibu, wakagombana, na habari ikatoka kwa wanawake wenzake ikaenda soko kwa soko. Wakaja kwa wingi kumkalia Okugo, chifu aliyewekwa na serikali. Kumkalia mtu kwa Waigbo ni kukesha nyumbani kwake mkiimba na kucheza, mkitaja aibu zake hadi asujudu, na wanawake walikuwa wamezoea kuwafanyia hivyo wanaume wapiga wake. Vurugu zilienea majimbo mawili. Askari walipofyatua risasi, waliouawa walipita 50, karibu wote wanawake.

Rosa Parks, aliyekataa kumpisha Mzungu kiti cha basi huko Montgomery, Alabama, ndiye aliyetuchukulia muda mrefu zaidi, na sikutegemea. Bango lilimwita mshonaji aliyechoka. Kwamba alikuwa mshonaji ni kweli. Alikuwa pia katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, tangu mwaka 1943, na katika majira ya joto ya 1955 alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya harakati huko Highlander, Tennessee. Mtu wa namna hiyo hakai kwenye kiti cha basi tarehe 1 Desemba ya mwaka huo kwa sababu ya miguu kuuma.

Lakini aliyenikamata mimi ni Jo Ann Robinson, kwa sababu alikuwa mwalimu na kwa sababu ya mashine. Alifundisha Kiingereza Alabama State College na aliongoza Baraza la Siasa la Wanawake, chama cha wanawake Weusi wasomi kilichoanzishwa mwaka 1946 na mwalimu mwenzake, Mary Fair Burks. Tangu Mei 1954 alikuwa amemwandikia meya kumwonya kwamba watu wataacha kupanda mabasi. Kwa hiyo mgomo ulikuwa tayari, unasubiri siku. Parks alipokamatwa, Robinson aliingia chuoni usiku uleule na wanafunzi wake wawili na mwenzake aliyekuwa na ruhusa ya kuzitumia mashine, wakadurufu makumi ya maelfu ya vikaratasi kabla hakujapambazuka.

Kama umewahi kudurufu mitihani ya muhula kwa stensili, hapo huhitaji kuelezwa. Karatasi ya nta inachanika ukiivuta kwa pupa, na ikichanika unachapa upya neno kwa neno. Wino unaingia kwenye kucha na hautoki kwa sabuni. Mkono wa kuzungusha unakufa ganzi, unabadilisha mkono, mistari inapinda. Kisha karatasi mbichi hushikana, unazipepea mojamoja kama samaki anayekaushwa. Niliwapeleka wasichana stoo tukaitoa mashine ya zamani ya shule, ikakataa kuzunguka, lakini harufu ya wino ilikuwa bado imo. Robinson alikuwa na vipindi asubuhi. Alifundisha, halafu yeye na wanafunzi wale wakaingia garini kusambaza vikaratasi kwa watu waliokuwa wakisubiri sehemu zilizopangwa. Hilo la watu kusubiri ndilo nililolirudia ubaoni. Walijuana.

Mgomo ulidumu siku 381, na siku 381 za kutopanda basi zinataka magari ya kupeana lifti, magari yanataka petroli, petroli inataka fedha. Sehemu ya fedha hizo ilitoka jikoni kwa Georgia Gilmore, mpishi wa mkahawa mmoja wa mjini. Yeye na wenzake walipika keki, pai na kuku wa kukaanga, wakauza kwenye mikutano, mitaani na kwenye saluni, hata kwa Wazungu wasiojua wanachangia nini. Kikundi alikiita klabu isiyotoka popote, ili waliotoa wasitajwe: ukiulizwa fedha zimetoka wapi, hazikutoka popote. Kila wiki alisimama kanisani, akataja kiasi, watu wakashangilia. Mwaka 1956 alitoa ushahidi katika kesi ya Dk. Martin Luther King, kazi ikaota mbawa, naye akahamishia biashara nyumbani kwake, akiwapikia hadi akina King wenyewe. Nusu ya darasa langu walikuwa watoto wa mama lishe. Hawakuhitaji mwalimu wa kuwaambia pai ni siasa. Walichotaka kujua ni kama mtaji uliwahi kukatika.

Mwalimu mwenzangu, kijana kuliko mimi na hodari, hakupendezwa. Alinifuata ofisini. "Mama, hawa watoto wametoka vijijini, hawajawahi kuona mwanamke kwenye noti wala kwenye sanamu. Leo wamepata nyuso sita ukutani, wewe unawaambia wasizitazame sana, watazame walio nyuma. Wanaume mbona hatuwafanyii hivyo?"

Lilikuwa neno zito, na bado ni zito. Nikamwambia habari za Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekataa kumpisha Mzungu kwenye basi la Montgomery tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks. Viongozi walimtazama, wakaona ni mdogo, ana hasira, baadaye akapata mimba. Wakamwacha, wakasubiri uso mwingine. Kumbe uso una kazi yake, na watu wa harakati wanalijua hilo kuliko sisi walimu. Na kesi iliyovunja sheria ya ubaguzi mabasini haikuwa ya Parks bali ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yuleyule Colvin. Mwenzangu akaniongezea ya Wangari Maathai, kwa faida yake. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula Uhuru Park, Nairobi, walikuwa wamemwendea yeye kwa sababu alikuwa na jina. Polisi walipowapiga, Machi 3, baadhi ya wale akina mama walivua nguo mbele yao, laana ambayo hakuna askari aliyelelewa na mama asiyeielewa. Lakini kamera zilikuwepo kwa sababu Wangari alikuwepo. Hatukumalizana. Yeye aliendelea kufundisha kwa mabango, mimi kwa swali langu, na wasichana wakatusikiliza wote wawili.

Kuna jambo ambalo sikumwambia siku ile kwa sababu lilikuwa linanielemea upande wake na upande wangu kwa pamoja. Bibi Titi baada ya uhuru alikuwa mbunge, naibu waziri, na mwaka 1962 mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1967 hakukubaliana na Azimio la Arusha lililokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu uongozi wa chama. Oktoba 1969 akakamatwa kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mumewe akamwacha akiwa ndani. Rais Nyerere alimsamehe mwaka 1972, naye akaishi kimya miaka mingi kabla hajaanza kutajwa tena hadharani. Alifariki Novemba 2000.

Nilimuuliza Bi Mkubwa: walipomkamata Titi, nyinyi wa ngoma mlifanya nini? Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alisema kwamba kufikia wakati ule vikundi vingi vilikuwa vimekwisha, wanawake wameingia kwenye Umoja, na Umoja una ofisi, una kadi, una maagizo kutoka juu. Akifiwa mtu unaandika barua. Nilimbana zaidi: hata kumpelekea salamu? "Ulikuwa hujazaliwa," alisema, akaniletea ungo mwingine nichambue.

Sikumlaumu na simlaumu. Ila nimebaki na dhana ambayo siwezi kuithibitisha kwa hati: kwamba Bomba ya mwaka 1955, ile yenye faini za kusengenya na zamu za kulala na mfiwa, ingekwenda gerezani na chakula. Kikundi kikiwa cha watu wenyewe kinamjua mtu. Kikigeuzwa tawi, kinamjua mwenye cheo, na cheo kikiondoka mtu naye haonekani.

Kabla ya likizo ya Desemba niliwapa wasichana kazi ya nyumbani. Kila mmoja aulize mama, bibi au shangazi: uko kwenye kikundi gani, mweka hazina ni nani, asiyelipa anafanywaje, na kikundi kimewahi kumsemea mtu mbele ya mkubwa yeyote? Walirudi na majibu ya upatu, vikoba, ngoma, kwaya, kikundi cha kuzika, kikundi cha kupika shughuli. Mmoja alirudi na habari ya wauza samaki waliomgomea mtoza ushuru hadi akahamishwa.

Na mmoja alirudi na mama yake. Aliingia ofisini amevaa dera na kilemba kipya, akakataa kiti, akaniuliza kwa heshima zote ni nani aliyenituma kuulizia fedha za watu. Kijumbe wa upatu wao alikuwa amepata hofu kwamba shule inafanya kazi ya watu wa kodi. Nikamweleza habari za lelemama, na pai za Georgia Gilmore, na mawese ya Nwanyeruwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa, akauliza yule mama wa Marekani aliwekaje hesabu zake, kwenye daftari au kichwani. Kisha akanieleza mchezo wao: wapo ishirini, wanatoa kila Jumamosi, mwenye msiba anarukishwa foleni. Mwanachama mmoja alikuwa amehamia Muheza, kwa hiyo palikuwa na nafasi. Akanitazama juu hadi chini, akauliza mshahara wa walimu huwa unatoka tarehe ngapi.